MWEZI MMOJA WA KUJIFUNZA UPYA PIKIPIKI

(Maneno haya yalisemwa na walimu watatu wa pikipiki mbele ya mkutano wa kijiji.)



Tunashukuru kwa kutupa nafasi hii baada ya habari za mbolea. Tunajua mkutano umekuwa mrefu na jua limeanza kushuka. Lakini tunaomba mtuvumilie, kwa sababu tumekuja kusema jambo moja ambalo kwa mwalimu ni gumu kulisema.

Sisi ni walimu watatu wa pikipiki. Tunafundisha vijana wanaotafuta leseni. Tunafundisha mabwana shamba na wauguzi wanaopewa pikipiki za kazi. Kazi hii tumeifanya kwa miaka tisa. Mwezi wa Julai uliopita tulifunga darasa letu mwezi mzima. Watu wakatuuliza, "Walimu, mnakwenda likizo?" Haikuwa likizo. Tulikwenda kuwa wanafunzi.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mmoja, askari mstaafu wa trafiki. Zamani aliendesha pikipiki mbele ya misafara ya viongozi. Siku ya kwanza hakutufundisha kitu. Alituambia tuendeshe tu, yeye akakaa kwenye kiti kivulini anakunywa chai. Tulizunguka uwanja, tukapita katikati ya matofali, tukapanda kilima, tukashuka. Tulijiona mabingwa hasa. Jioni mzee akasema, "Vizuri. Kwenda mnajua. Kusimama hamjui."

Sisi tukacheka. Yeye hakucheka.

Kesho yake akaweka mawe mawili kando ya kipande cha lami kilichonyooka, mahali pasipopita magari. Akasema kila mmoja wetu aje kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, akifika kwenye mawe ashike breki. Mara ya kwanza tutumie breki ya nyuma peke yake, yaani ile ya mguu. Mahali pikipiki iliposimama tulipima kwa hatua ndefu za mtu mzima. Hatua moja ni karibu meta moja. Wa kwanza alisimama kwenye hatua ya 18. Wa pili, hatua ya 19. Wa tatu tairi lake la nyuma lilikwama, likaserereka upande kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi, na alipotulia tulihesabu hatua 20.

Kisha mzee akasema turudie, sasa breki zote mbili pamoja, ya mkono na ya mguu. Wa kwanza, hatua 10. Wa pili, hatua 9. Wa tatu, hatua 10.

Jamani, tulinyamaza. Maana kwa miaka tisa sisi tulikuwa tukiwaambia wanafunzi wetu, "Breki ya mbele usiiguse, itakurusha kichwa chini miguu juu." Sisi wenyewe ndivyo tulivyofundishwa. Na waliotufundisha, nao walifundishwa hivyo hivyo. Hapakuwa na mtu aliyechukua mawe mawili akapima.

Hebu tueleze sababu yake. Mmewahi kupanda basi. Dereva akikanyaga breki ghafla, abiria wote wanainama mbele. Hakuna aliyewasukuma. Uzito wao ndio uliokwenda mbele. Pikipiki nayo ni hivyo. Ukishika breki, uzito wa pikipiki, wako wewe, wa abiria na wa gunia lako, wote unahamia gurudumu la mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa chini, linashika barabara vizuri. La nyuma linakuwa jepesi, karibu linyanyuke. Sasa gurudumu jepesi litaisimamisha pikipiki kwa nguvu gani? Ukikanyaga breki yake sana linakwama tu na kuteleza. Kwenye lami kavu, nguvu ya kusimamisha kama saba katika kumi iko mbele.

Hofu ya breki ya mbele haikutoka hewani. Mtu akiinyaka ghafla kwa mkono mzima, gurudumu la mbele litakwama na ataanguka kweli. Kosa liko katika namna ya kuishika. Mzee wetu alitufundisha kwa mfano wa kukamua ng'ombe. Mkamuaji hanyaki chuchu, akinyaka anapigwa teke. Anaanza taratibu, kidole kwa kidole, kisha anakaza. Breki ya mbele inataka mkono huo huo. Anza polepole, acha uzito uje mbele, kisha kaza, kaza zaidi. Mguu nao ukanyage kwa kiasi. Pikipiki iwe imenyooka, siyo imelala kwenye kona. Kwenye changarawe, mchanga au tope, mkono uwe mwepesi zaidi, na dawa kubwa ni kupunguza mwendo mapema.

Tulifanya zoezi hilo siku tatu mfululizo mpaka viganja vikafanya malengelenge. Mzee alikuwa akihesabu hatua kwa sauti kubwa kama karani anayehesabu magunia ya pamba.

Jambo jingine alilotufundisha ni mwendo. Wengi wanadhani mwendo ukiongezeka mara mbili, basi na umbali wa kusimama unaongezeka mara mbili. Sivyo. Unaongezeka mara nne. Kama kwa kilometa 40 ulisimama kwa hatua 10, kwa kilometa 80 utahitaji hatua 40. Na hizo ni baada ya breki kushikwa. Mbuzi akikatiza, macho yanaona, kichwa kinawaza, mkono unakwenda. Mpaka hapo karibu sekunde moja imepita. Pikipiki iliyo katika mwendo wa kilometa 60 kwa saa imekwisha kula meta 16 kabla hujafanya chochote. Pimeni meta 16 kutoka mlangoni kwa mtu, mtaona zinafika kwa jirani.

Wiki ya pili mzee alitufundisha kusoma barabara. Hapa ninyi mliohitimu masomo ya watu wazima mtatuelewa upesi. Mtu asiyejua kusoma huona karatasi ina alama nyeusi tu. Aliyejifunza huona maneno. Barabara nayo ina maneno yake. Kinyesi kibichi cha ng'ombe juu ya lami kina maana kwamba kundi liko mbele. Mpira ukitoka nyumbani, mtoto anaufuata. Basi likisimama, mtu atatokea mbele yake. Alama nyeusi za matairi kwenye kona zinakuambia mwenzako alipata taabu hapa.

Alituamuru tuendeshe huku tukisema kwa sauti kila tunachokiona. Basi mnajua ilivyokuwa. Mtu mzima na kofia ngumu kichwani anapita sokoni anapiga kelele, "Naona mama na ndoo kushoto! Naona baiskeli haina mtu! Naona mbwa amelala, huyu haamki!" Watoto walitukimbilia. Lakini ukifanya hivyo saa moja, unagundua ni vitu vingapi ulikuwa ukivipita bila kuviona.

Baada ya kuona, alisema, mambo yafuate kwa mpangilio. Kwanza kaa mahali panapofaa barabarani. Pili rekebisha mwendo. Tatu ingiza gia inayofaa. Ndipo uvute mafuta. Mpangilio huu ulianza kufundishwa kwa polisi huko Hendon, London, miaka ya 1930, na mpaka leo polisi wa Uingereza wanajifunza kwa njia hiyo. Kosa la vijana wetu ni kufanya yote kwa pamoja wakiwa tayari ndani ya kona. Breki, gia, kulala, kuomba Mungu, vyote wakati mmoja.

Na macho! Pikipiki inafuata macho. Ukilikodolea shimo utaingia shimoni. Tazama njia ya kupita pembeni mwa shimo, mikono itafuata yenyewe.

Kisha tukaanza safari. Tuliondoka Morogoro alfajiri kwenda Iringa, karibu kilometa 300. Pikipiki zetu ni zile zile za kawaida za bodaboda. Kila mmoja alibeba tyubu moja, viraka, pampu, spana na plagi. Tulikagua upepo wa matairi na kulegea kwa cheni. Haya ni mambo ya dakika tano, lakini kijiweni ni wachache wanaoyafanya asubuhi.

Barabara hiyo wazee wanaikumbuka. Mwaka 1965, Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi, Zambia ilikatiwa njia ya mafuta upande wa kusini. Malori ya mafuta yakapita njia hii kutoka Dar es Salaam, wakati huo ikiwa vumbi na tope. Malori mengi yalipinduka. Leo ni lami, lakini malori ya Zambia na Kongo bado yanapita, makubwa zaidi, na upepo wa lori moja likikupita unatosha kukuyumbisha.

Mahali barabara inapokatiza Hifadhi ya Mikumi, kwa kilometa 50 hivi, hakuna ua baina yako na wanyama. Tuliona swala, pundamilia na twiga. Karibu na saa nne tulikuta tembo watano wanavuka, na mtoto mmoja. Mzee alituzuia mbali sana, tukakaa nyuma ya lori. Honi hatukupiga. Kijana mmoja mwenye pikipiki alitupita akitaka kupenya. Tembo jike akageuka, akatandaza masikio. Yule kijana alirudi kwetu anasukuma pikipiki kinyumenyume, tena mbio. Hatujapata kuona mtu anasukuma pikipiki namna ile.

Baada ya Ruaha Mbuyuni tukapanda Kitonga. Wanaoijua hatuna haja ya kuwaeleza. Mlima unapanda kwa kona kali, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine korongo. Malori yanayopanda yanatambaa kwa gia ya kwanza. Yanayoshuka unasikia harufu ya breki zinazoungua. Tulipanda hadi juu, mzee akasema, "Sasa tugeuze tushuke." Tukashangaa, maana ndiyo kwanza tumepanda. Alitaka tujifunze kushuka.

Ndugu zetu, tunajua desturi ya vijana wengi. Wakifika mteremkoni wanazima injini au wanaweka gia huru, pikipiki iteremke yenyewe, ili kuokoa mafuta. Hesabu ya tajiri inawabana, kila kikombe cha mafuta kina thamani. Tunaelewa. Lakini injini iliyo kwenye gia ndogo ni breki ya tatu. Inaizuia pikipiki bila kuchoka. Ukiizima umebaki na breki mbili, nazo kwenye mteremko mrefu zinapata moto na kulegea, na zikilegea hakuna pa kwenda ila korongoni. Tulishuka Kitonga kwa gia ya pili, tukapanda tena, tukashuka tena. Tuliporudi juu mara ya tatu mafuta yalikuwa yameisha kwa mmoja wetu, nasi tulikuwa tumeelewa.

Iringa mjini iko juu zaidi ya meta 1,500, na Julai baridi yake si ya mchezo. Kwenye pikipiki baridi inaongezeka kwa upepo, vidole vinakufa ganzi, na mkono wenye ganzi hauwezi kukamua breki. Tulifanya kama wazee walivyotuambia, tukaweka magazeti kifuani ndani ya koti. Yanazuia upepo kweli. Basi mkimaliza kusoma gazeti hili msilitupe.

Sasa tunafika kwenye lile jambo gumu.

Wiki ya tatu tulianza kuwatembelea vijana tuliowafundisha sisi wenyewe. Katika kijiji kimoja tuliambiwa mwanafunzi wetu mmoja yuko nyumbani, ameumia. Tukaenda. Tulimkuta amelala barazani, mguu umevunjika mahali pawili, umetiwa vyuma. Mama yake alitupa viti. Kijana akatuamkia, "Shikamooni walimu," akajaribu kuketi, akashindwa.

Alituambia habari yake. Alikuwa amebeba abiria mmoja jioni. Gari dogo likatoka njia ya pembeni likasimama katikati ya barabara. Alikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote. Gurudumu likakwama, pikipiki ikaserereka mpaka ikaligonga gari ubavuni. Abiria alipona na michubuko. Yeye mguu ulibanwa.

Mmoja wetu akamwuliza, "Na breki ya mbele?"

Akajibu, "Mwalimu, sikuigusa. Nilifanya kama mlivyonifundisha."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mwanafunzi mzuri anayetoa jibu sahihi. Tulipoondoka tulikwenda mpaka mahali pale. Mvua ilikuwa haijanyesha, na alama nyeusi ya tairi ilikuwepo bado juu ya lami. Tulipima kwa hatua. Zilikuwa 17. Tukatazamana, hatukusema kitu. Kila mmoja wetu alizikumbuka zile hatua 9 na 10.

Usiku ule tulifungua madaftari yetu ya mahudhurio ya miaka tisa, tukaandika majina yote upya kwenye daftari moja. Ni watu 214. Wiki ya nne hatukufanya mafunzo mengine. Tulianza kuwatafuta, kijiji kwa kijiji, na ndiyo kazi tunayoifanya hadi leo kila tupatapo nafasi. Wengine wanatucheka. Wanasema, "Walimu, nimeendesha miaka sita bila breki ya mbele, leo mnaniambia nini?" Hatubishani nao. Tunaweka mawe mawili, tunawaambia wapime wenyewe.

Kabla hatujamaliza, kuna maneno kwa abiria, maana wengi hapa ni abiria. Akina mama, kanga na kitenge vikunjwe vizuri kabla ya kupanda. Nguo ikiingia kwenye cheni au spoki inamvuta mtu chini mara moja. Kukaa upande tunajua ni heshima, lakini pikipiki inaegemea upande mmoja, na dereva akishika breki huna cha kushikilia. Panua miguu, vaa suruali ndani, ushike. Mishikaki, yaani kupakia watu wawili au watatu nyuma ya dereva, tumekwisha kuisema kila mahali, hatutarudia. Na ukiona dereva anakwenda mbio, mwambie apunguze. Nauli umelipa wewe.

Kofia ngumu je? Tunaona nyingi zimening'inizwa kwenye vioo na mikononi. Mwaka 1935 Mwingereza mmoja maarufu, T. E. Lawrence, aliyepigana pamoja na Waarabu katika Vita Kuu ya Kwanza, alianguka na pikipiki akiwakwepa watoto wawili wenye baiskeli. Alikuwa kichwa wazi. Alikufa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari waliomtibu, Hugh Cairns, hakulisahau jambo lile. Akachunguza ajali za askari waliopeleka barua kwa pikipiki, na mwaka 1941 akaandika kuhusu faida ya kofia ngumu. Mwaka ule ule jeshi la Uingereza likawaamuru askari hao wazivae. Baadaye, mwaka 2008, wataalamu waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali walikuta kwamba kofia hiyo inapunguza hatari ya kufa kwa 42 kwa mia, na ya kuumia kichwa kwa 69 kwa mia. Wenye kuogopa jasho la wenzao au kuharibu misuko, fungeni kitambaa kwanza, kisha vaeni. Na kamba ifungwe kidevuni. Kofia isiyofungwa inatangulia kuruka, kichwa kinafuata peke yake.

Kesho saa moja asubuhi tutakuwa uwanja wa mpira. Mwenyekiti ameturuhusu. Lami hapa hakuna, kwa hiyo tutaanza na breki za kwenye changarawe, na mchana tutakwenda barabara kuu kwa zamu, wanne wanne. Hakuna malipo. Njooni na pikipiki ikiwa na breki zote mbili zinazofanya kazi. Tumechungulia pale chini ya mwembe tumeona tatu ambazo waya wa breki ya mbele umefunguliwa kabisa. Tunajua ni nani aliyewaambia breki hiyo haina kazi. Fundi wa kijiji amekubali kuja na waya.

Katika daftari letu, waliofundishwa kutoka kijiji hiki ni tisa. Sita tumewaona hapa leo, tumesalimiana. Watatu hatujawaona. Majina yao tumempa Katibu. Mmoja tumesikia yuko Makambako, anaendesha bodaboda huko. Hao wawili wengine, mwenye kujua walipo atuambie kabla hatujaondoka kesho jioni.